Shibiri ya Raheli

Zakaria, mdogo wangu,

Barua zote nilizokuandikia kwa miaka saba nilizianza kwa salamu: za Shangazi, za wazee, za mume wangu, hata za yule mbuzi uliyemwacha akiwa bado ananyonya. Leo sina salamu ya mtu. Nimeketi barazani kwangu, daftari juu ya paja, na kalamu imekwisha kutoboa karatasi mara mbili. Usidhani ni uzee. Ni hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Huu ni mwezi wa nne tangu simu ya maandishi ya kifo chako ifike Garsen. Karani wa Diisii, mkuu wa wilaya, alimpa mwenye duka, mwenye duka akampa mtu wa mtumbwi aliyekuwa akirudi huku na magunia ya chumvi, naye akanikuta shambani, kwenye mpunga. Alisema tu, "Raheli, Profesa amefariki." Hakusema Zakaria. Kwa muda kidogo nilidhani ni profesa mwingine. Ulianguka mezani kwako huko Uingereza, wakasema ni moyo, wakakuzika katika baridi yao kabla sisi hatujajua hata kama unaumwa. Tulikukalia matanga siku tatu bila mwili. Watu wakakusifu, na mimi nikakusifu. Nataka ulijue hilo. Nilikusifu kuliko wote.

Niliwasimulia jinsi Shangazi Hadulu alivyokubeba mgongoni kila asubuhi kuvuka kinamasi mpaka shule ya misheni Golbanti, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kufa na wewe uliogopa ruba. Mtoto mkubwa, miguu inaburura majini, na Shangazi anaimba ili usitazame chini. Niliwasimulia ulivyokuwa ukichimba vijifereji pembeni mwa shamba, ukatengeneza gurudumu la maji kwa vijiti vya mkoma, likazunguka mara tatu likavunjika, ukalia, kisha ukalitengeneza tena. Sikuwasimulia kwamba tulikaa darasa moja, wala kwamba mwalimu alimwambia baba hesabu zangu ni safi kuliko zako. Baba alicheka. Nikatolewa darasa la nne, nikapelekwa kuwinga ndege wasile mpunga. Wewe ukaenda: shule ya pwani, chuo cha Kampala, kisha meli. Sikukuonea wivu. Nilikaa juu ya dungu, jukwaa letu la kulindia shamba, na kombeo langu, nikajiambia kwamba mmoja wetu akifika, tumefika wote wawili.

Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Ulirudi kwa likizo yako ya kwanza tayari ukiwa mwalimu wa uhandisi, Mwafrika peke yako katika jengo lote. Ulitueleza jinsi ulivyoingia darasani siku ya kwanza, vijana wa Kizungu wakakupa kitambaa, wakidhani umekuja kufuta ubao. Wewe ulicheka. Shangazi hakucheka. Alikusogezea sahani ya samaki akasema ule, umekonda.

Likizo ile ndiyo ulileta kile kipimo chako kirefu cheupe, ubao wenye mistari ya futi na inchi. Ulikivusha kwenye feri ya Garsen umekikumbatia kama mgonjwa. Fundi Danieli wa misheni alikisimamisha kivukoni kwetu, ndani ya maji, na wewe ukanifundisha: asubuhi kabla ya uji, jioni kabla jua halijazama, tazama mstari maji yanapogusa, andika. Uandike katika madaftari mawili. Moja unitumie, moja likae kwako, posta isije ikapoteza. Ulinishika mabega ukasema, "Dada, wewe ndiye macho yangu huku." Ukasema pia jina langu litakuwa ndani ya kitabu, ukurasa wa mbele. Sikukuomba. Ulisema mwenyewe, na Shangazi alikuwa akisikia.

Nikasoma mto. Miaka saba, Zakaria. Nilisoma nikiwa na mimba, nikasoma nikiwa na homa nimeshikilia mti nisianguke. Siku niliyomzika mume wangu nilisoma asubuhi, nikazika, nikasoma jioni. Mwaka watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia, wote walikwenda Golbanti kushangilia. Mimi nilibaki kwa sababu mto ulikuwa unapanda. Hali ya hatari ilipotangazwa, afisa mmoja kijana alifungua barua yangu huko Garsen, akaona safu za namba, akaniita. Nilikaa kwenye benchi siku nzima nikiulizwa namba hizi ni siri za nani. Nilimwambia ni za mto. Hakuamini mpaka alipokuja mwenyewe na buti zake kusimama matopeni, akasoma inchi zile zile nilizoandika asubuhi hiyo. Yote hayo nilikuandikia. Hukuwahi kusema asante kwa lile benchi, lakini sikuisubiri.

Na mamba nilikuandikia. Unakumbuka? Aliinuka hatua tatu tu kutoka kwenye ubao. Nilisimama kama gogo, penseli mkononi, mpaka akazama. Nikasoma namba, nikaandika, ndipo nikakaa palepale kwenye tope. Niliandika barua ile nikicheka, ili na wewe ucheke huko baridini.

Sasa nifike kwenye shibiri.

Ilikuwa mwaka wa nne. Mto ulileta gogo kubwa, likaupiga ubao likaulaza. Maji yalipopungua Fundi Danieli aliusimamisha tena, mtu mwema, lakini hakuuzamisha kama mwanzo. Mimi nilikuwa na alama yangu: mkato niliouchonga kwenye nguzo ya kufungia mitumbwi, tangu siku ya kwanza, kwa kuwa sikuamini ubao peke yake. Nililinganisha. Ubao ulikuwa umepanda shibiri nzima. Maana yake maji yakifika pale pale pa zamani, ubao unasema yako chini. Niliweka mkono wangu, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, nikarudia mara tatu. Jioni ile ile nikakuandikia: kuanzia leo, kila namba nitakayokutumia, ongeza shibiri moja. Katika daftari langu niliandika hivyo hivyo kwa penseli nyekundu.

Ukajibu. Barua ninayo, imo ndani ya Biblia. "Nimeelewa, dada. Nitaongeza. Endelea tu."

Nikaendelea. Masika ya mwaka uliofuata mto ulipanda kuliko tulivyowahi kuuona, nikakutumia namba zote, nikitulia moyoni kwamba huko kuna mtu anaongeza shibiri.

Kitabu kikatoka. Wakakupa uprofesa. Ulituandikia mstari mmoja wa kujivuna: "Sasa mniite Profesa." Tulikuita. Shangazi alipika wali wa nazi na samaki wa kukaushwa, akawalisha watu wa vijiji viwili, na akajifunza kulitamka neno lile hata likawa linamtoka mdomoni kuliko jina lako. Serikali nayo ikachukua hesabu zako ikatujengea tuta la kuzuia maji yasifike kwenye nyumba na mpunga wa nyuma. Mzee Maro wa hapa kwetu alimwonyesha afisa wa tuta mti ambao maji ya masika yale yaliugusa. Akasema mnajenga fupi. Afisa akamwonyesha kitabu. Basi. Nani angebishana na kitabu cha mtoto wetu?

Maji yalipita juu ya tuta mchana kweupe, siku ya Jumapili, watu wametoka tu kanisani. Hayakulibomoa. Yalipita juu yake taratibu, kimo cha kiganja, kisha zaidi, kisha upande mzima maji yakashuka kama mkeka unaokunjuliwa. Nyumba nne. Mpunga wote uliokuwa umeanza kuchanua. Na Shangazi Hadulu, ambaye alikuwa amekwisha kufika palipoinuka, akarudi kumfungua mbuzi wako. Walimwona akishika kamba. Hawakumwona tena mpaka siku ya tatu, chini huko mto unakopinda. Nilimwosha mimi. Mgongo ule ule uliokubeba wewe, nilitoa matope kwenye mgongo ule kwa mikono yangu.

Baada ya mazishi watu walianza kuninyamazia. Kisima kilikuwa kimoja lakini nikifika, wanawake wanajaza haraka wanaondoka. Mzee Maro ndiye aliyelisema wazi: kitabu kimetoka kwa Zakaria, na Zakaria namba kazipata kwa Raheli, na Raheli labda siku nyingine alilala akaandika tu. Hata mimi nilianza kujiuliza. Nilikuandikia nikakuuliza: Zakaria, uliongeza shibiri?

Jibu lako lilikuja baada ya wiki saba. Uliandika pole ndefu kwa ajili ya Shangazi, maneno mazuri, nililia nikiyasoma. Na mwisho: "Pengine zipo siku ulisoma vibaya, dada. Usijilaumu. Ni jambo la kawaida kwa mtu asiyesomea."

Kuhusu shibiri hukusema neno.

Nilibeba sentensi ile kuanzia hapo mpaka ulipokufa, na hata baada ya hapo. Niliamini. Wewe ndiye Profesa. Nilikuwa nikienda kwenye kaburi la Shangazi kumwomba radhi. Unasikia? Nilipiga magoti kwenye udongo nikamwomba Hadulu anisamehe kosa lako. Na wale wale walioacha kunisalimu walipokuja kunipa pole ya msiba wako, nilishukuru kwamba angalau kifo chako kimewarudisha mlangoni kwangu.

Kisha Bwana Harshad akaja.

Unamjua: kijana wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, mwanafunzi wako kwanza, halafu msaidizi wako chuoni. Alikuja wiki tatu zilizopita, amechoka kwa njia, miwani imejaa vumbi la Garsen, na sanduku la vitabu vyako. Nilimpokea kama mwanao. Alikula, akanywa, majirani wakajaa kumtazama mtu aliyekujua. Akaanza kusimulia habari zako kwa Kiswahili chake kizuri cha Mombasa. Akasema kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, ulikuwa ukiwaeleza wanafunzi habari ya mamba. Jinsi ulivyosimama mtoni, mamba akainuka hatua tatu kutoka kwenye ubao, nawe penseli mkononi, hukupepesa jicho; ukasoma, ukaandika, ndipo ukakaa kwenye tope. Ukimaliza uliwaambia: mhandisi husoma namba kwanza, kuogopa ni baadaye. Darasa zima lilikuwa likipiga makofi, akasema, na yeye mwenyewe aliamua kuwa mhandisi wa mito kwa sababu ya siku ile.

Majirani walinitazama. Wote wanajua ni nani aliyekaa kwenye tope. Nilimwacha amalize. Niliona uso wake unavyong'aa, nikamwonea huruma kabla sijajihurumia.

Kisha akatoa kitabu akanisomea ukurasa wa mbele, akinitafsiria polepole. Vipimo vyote vya kimo cha mto vilichukuliwa na mwandishi mwenyewe. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Mwandishi mwenyewe. Wewe, uliyekuwa umekaa penye theluji na moto wa makaa, ukingoja posta.

Lakini hakuja kwa ajili ya hayo. Alikuja na swali. Chuo kinataka kupiga chapa kitabu mara ya pili, naye amepewa kazi ya kukisafisha. Katika karatasi zako za hesabu, pembeni mwa namba za mwaka wa tano, alikuta maneno matatu kwa penseli, kwa mwandiko wako, kwa Kiswahili, na mstari wa kuyafuta umepigwa juu yake. Aliuliza watu huko, hakuna aliyejua. Alidhani labda ni kipimo cha zamani cha pwani, au jina la mahali. Akanionyesha. Shibiri ya Raheli.

"Mama," akaniuliza, maana kwake mimi nilikuwa dada wa Profesa tu, asiye na jina, "huyu Raheli ni nani?"

Nilikwenda ndani nikaleta madaftari yangu, saba, yamefungwa kwa kamba ya ukindu. Nikaleta na Biblia. Nikamfungulia penye penseli nyekundu, nikamfungulia barua yako. Hakuhitaji muda mrefu, ulimfundisha vizuri. Aliweka kitabu huku, daftari langu huku, kidole kikashuka safu hii na safu hii, na namba zilikuwa zile zile, inchi kwa inchi. Hukuongeza kitu. Uliikumbuka shibiri, ukaiandika, ukaitazama, ukaipiga mstari.

Kwa nini? Harshad alijaribu kunieleza. Alisema kitabu kilikuwa karibu kwenda kwa wapiga chapa. Kwamba ukiongeza ingekubidi useme ubao ulihama, na ukisema ubao ulihama utaulizwa ulikuwa wapi ulipohama, na nani alikuwa akisoma. Wakubwa waliokuwa wakikupima kwa ajili ya uprofesa wangesema kazi ya miaka yote imesimama juu ya mwanamke mmoja wa kijijini aliyeishia darasa la nne. Labda wasingekupa. Najua walivyokuwa wakikutazama huko. Najua kitambaa kile walichokupa hakikutoka mkononi mwako siku hata moja. Nalielewa hilo, Zakaria, na bado nina hasira, na usidhani kuelewa kwangu ni msamaha. Wao walikuonea wewe; wewe ukatuonea sisi. Kama ni wewe uliyepima, basi ni wewe uliyekosea. Na kama ni mimi niliyekosea, basi ni mimi niliyepima. Uchague moja. Ulichukua mamba wangu ukaniachia maiti.

Harshad alivua miwani. Akasema kwa upole, "Mama, Profesa amekwisha kufa. Hawezi kujitetea."

Nikamwambia, "Na Hadulu amekwisha kufa."

Jumapili iliyofuata nilimsimamisha uwanjani mbele ya kanisa, watu wakiwa wametoka ibadani. Hakutaka. Alisimama hata hivyo, na nilimheshimu kwa hilo. Alisoma daftari langu, akasoma barua yako ya kwanza, akasoma ya mwisho, akaonyesha karatasi yenye maneno yaliyopigwa mstari. Binamu zetu wawili waliondoka kabla hajamaliza. Walisema namvua nguo marehemu mbele za watu. Mmoja hajanisalimu mpaka leo, nami simngojei. Mzee Maro alibaki. Alivua kofia akasema, "Raheli, tulikuonea." Nilikuwa nimelitamani neno hilo kwa muda mrefu, na lilipofika lilikuwa dogo.

Kisha akauliza jambo la maana kuliko lile: kama shibiri ni kweli, tuta linapungua shibiri kila mahali?

Kila mahali, nikamwambia.

Kwa hiyo haya ndiyo mabadiliko ya huku kwetu. Ofisi imeandika kwamba wataalamu watakuja kutazama. Hatukuwangoja. Kila asubuhi watu wanatoka na majembe na vikapu, wakulima wa pande zote mbili za mto, hata Waorma wawili waliokuwa wanapitisha ng'ombe walisimama siku nzima wakatusaidia. Mimi natembea juu ya tuta na ufito niliokata kwa kipimo cha mkono wangu, naweka, natazama, nasema bado, au nasema basi. Wanaume wananisubiri niseme. Fundi Danieli alilia alipojua, mzee yule, akaingia majini mwenyewe kuuteremsha ubao mpaka ukalingana na mkato wangu.

Harshad alikaa kwangu siku nne akinakili madaftari yote saba. Alitaka kuyachukua. Nilimwambia anakili, yangu hayavuki mto tena. Amesema atasahihisha namba na ataandika jina langu, na kwamba wakubwa wa chuo wakikataa ataondoka. Sijui. Ni kijana, na vijana huahidi. Wewe pia ulikuwa kijana uliponishika mabega.

Koti lako aliloleta nimelitundika. Lina harufu ya tumbaku na kitu kingine nisichokijua. Mifukoni mlikuwa na penseli fupi, umeitafuna mwishoni kama ulivyokuwa ukitafuna zile za misheni mpaka mwalimu akakuchapa. Nililishika koti hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Watoto wa shule wameanza kuuliza habari zako, maana jina lako limo midomoni mwa wakubwa. Nakuahidi hili: sitawaficha lolote. Nitawaambia kwamba mtoto aliyeogopa ruba alitoka hapa, akaingia peke yake katika jengo la watu waliomdharau, na akawafundisha. Na nitawaambia alilolifanya kwa penseli, na ni nani aliyekufa. Watalijua lote, kisha waamue wenyewe watakupenda kiasi gani. Asubuhi na jioni nitausoma mto, na chini ya kila ukurasa nitaandika jina langu kwa wino.

Kwaheri, Zakaria. Lala huko walikokulaza, kama ardhi yao inakupa usingizi. Mvua imebakiza wiki chache kuanza, na kipande cha tuta upande wa makaburi bado kifupi. Kikishafika kimo chake nitanawa mikono, nitaketi chini, nitakulilia kama dada anavyomlilia mdogo wake, kwa sauti, bila kujali nani ananisikia. Lakini si leo. Wananiita kule juu, udongo umefika.

Dada yako,
Raheli